Mwami Aliyemfukuza Mtu Kwenye Lifti

Siku Eustache alipopata ufalme wake alikuwa amevaa kofia ya wavu kichwani na glavu za plastiki mikononi, anapanga keki ndogo ndogo kwenye maboksi katika kiwanda kimoja kule Markham, nje kidogo ya Toronto. Simu ilitetemeka mfukoni, naye akakimbilia chooni kuipokea, maana msimamizi wao, Shakeel, hakuwa mtu wa kuvumilia simu karibu na keki. Aliyepiga alikuwa baba yake mdogo, Valerian, anayeishi Buhirwa, milima miwili na mto mmoja huko Kivu, ambako ukoo wao ulitawala tangu zamani hadi vita vilipokuja vikauangusha.

"Wamerudisha kiti," Valerian alisema, sauti ikikatikakatika. "Serikali imekubali, wazee wamekubali. Wewe ndiye Mwami."

Eustache akaketi juu ya kifuniko cha choo. Hicho ndicho kiti cha kwanza alichokalia akiwa mfalme, na nisipolitaja jambo hilo nitakuwa nimemwonea haya mtu ambaye mwenyewe hakuona haya.

Alirudi kwenye mstari wa keki akamweleza Shakeel habari hizo. Shakeel akampa mkono wa pongezi kwa heshima kubwa, akamwita mtukufu, kisha akamwonyesha mahali sukari ilipomwagika na mahali ufagio ulipo.

Nyumbani St. James Town, ghorofa ya kumi na moja, mapokezi hayakuwa bora zaidi. Mkewe Libérata, anayefanya kazi ya kutunza wazee na ambaye miguu humuuma kila jioni, alisema hongera, na je, Mwami amekumbuka kununua vitunguu? Binti yao Yvette alitoa sikio moja kwenye vile vidude vya muziki, akauliza kwa Kiingereza kama sasa watapata nyumba yenye vyoo viwili, akalirudisha sikio lake. Eustache alitwaa gongo la Yvette la kuchezea mpira wa barafuni, lililovunjika ncha, akaanza kutembea nalo sebuleni kama fimbo ya enzi. Hakuna aliyesimama.

Tumheshimu kidogo hata hivyo, kwa sababu alikuwa na jambo zito moyoni. Baba yake, Mwami wa zamani, aliuawa wakati wa vita. Wanaume watano walikaa kama mahakama katika darasa la shule ya msingi, wakamkuta na hatia ya jambo ambalo hadi leo hakuna aliyeweza kulieleza likaeleweka, wakanyoosha mikono wote watano, na yule mzee akapigwa risasi. Eustache alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Aliponea chupuchupu kwa kuiba baiskeli ya mmoja wa mahakimu hao, akateremka nayo mlima mpaka mtoni, akavuka nchi, akavuka nyingine, na hatimaye akajikuta Toronto anapanga keki.

Kisa cha baiskeli alikisimulia kila mahali. Alikisimulia kwenye harusi na ubatizo, na mara moja hata kwenye msiba, mpaka mfiwa akaacha kulia ili asikie mwisho. "Nikafika kizuizini," alikuwa akisema, akisimama na kuinua mkono. "Askari na bunduki zao. Simama! Simama! Na mimi nikafanya nini? Sikusimama!" Askari hao walikuwa wawili alipooa, na sasa Libérata anasema wamefika kumi na wawili, na mbwa juu.

Kile ambacho hakukisimulia ni kwamba hakujua baba yake alizikwa wapi. Wale watano hawakumwambia mtu. Kwa karibu miaka thelathini Eustache alikuwa mtoto wa mtu aliyelala mahali popote, na kila alipoona kaburi la mtu mwingine, hata la Mzungu asiyemjua, limepandwa maua pale njiani kuelekea kazini, alimwonea wivu marehemu.

Sasa desturi ya Buhirwa ni hii. Mwami anayerudishiwa kiti hakikalii hadi atimize mambo mawili. Kwanza awatafute walionyoosha mkono dhidi ya baba yake na kuwatamkia hukumu ya kufukuzwa: wasinywe maji ya kisima cha Mwami, wasiote moto wake, wasipite njia yake. Aliyefukuzwa hazungumzi na Mwami tena akiwa ndani ya nchi yake, wala Mwami akimuuliza hajibu. Pili, alete udongo wa kaburi la baba uwekwe chini ya kiti. Bila udongo huo kiti ni kigoda tu, mtu yeyote anaweza kukitumia kukamulia ng'ombe.

Kwa hiyo Eustache akaanza msako, kama inavyompasa mfalme, akiwa jikoni, blanketi la manyoya limefungwa begani na simu imeegemezwa kwenye kopo la unga. Kati ya wale watano, wawili walikuwa wameshakufa. Wa tatu alipatikana Australia kwa njia ya video, akasikiliza hukumu mpaka kwenye maji ya kisima, halafu akakata simu na kumfungia asimpigie tena. Wa nne alisema yeye si yeye.

"Bado Urbanus," Valerian alisema. "Yule alikuwa mwalimu wa mlima wa pili. Nasikia yuko hukohuko Kanada, ameletwa na binti yake. Binti anaitwa Michelle."

Kwa watu wa kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe, na unaweza kuishi naye miaka ukala na kunywa naye usijue jina alilobatizwa. Ghorofa ya tisa ya jengo lao palikuwa na mzee mpole, mwembamba, mwenye kofia ya sufu, aliyehamia kwa bintiye kabla ya theluji kuanza. Alisali nao kila Jumapili, benchi la nyuma kabisa. Kila mtu alimwita Papa Michelle, yaani Baba Michelle. Na Eustache mwenyewe, kwa mikono yake miwili, ndiye aliyemfundisha kutumia mashine ya kufulia kule chini.

Alimkuta hukohuko, mashine zote zinazunguka, mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki akitazama nguo zake kupitia kioo kama mtu atazamaye mpira.

"Papa Michelle," Eustache alisema. "Jina lako ni Urbanus?"

Mzee alimtazama yeye, akalitazama gongo la barafuni, akalitazama blanketi. Akavua kofia.

"Ndiyo, Mwami."

Hebu fikiria. Tangu apate ufalme hakuna mtu Toronto nzima aliyemwita Mwami bila kutabasamu. Neno hilo lilimwingia Eustache, na hasira aliyoibeba miaka yote ikapanda pamoja na fahari, zikachanganyika, akasahau alichokuwa amepanga kusema kwanza. Akagonga gongo sakafuni.

"Hutakunywa maji ya kisima changu! Hutaota moto wangu! Hutapita njia yangu!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akikunja mashuka aliyachukua yalivyo akaondoka. Urbanus alipiga goti, taratibu kwa ajili ya mgongo wake, akasema, "Mwami amesema." Kisha akasimamisha mashine katikati ya povu, akazitoa nguo zake zinachuruzika, akazikumbatia kifuani, akatoka. Hakuelekea kwenye lifti. Alifungua mlango wa ngazi.

Wengine wote duniani wangecheka, au wangeita polisi. Urbanus alitii. Njia ya Mwami ni ile anayopita Mwami, na Eustache hakuwa amekanyaga ngazi zile hata siku moja, hata lifti zote mbili zilipoharibika. Siku hizo alipiga simu kazini akasema anaumwa. Basi njia yake ni lifti, na mzee akaanza kupanda ngazi hadi ya tisa. Moto wa Mwami ni mashine ya kukaushia, kwa hiyo mzee akaanika nguo barazani Januari, suruali zikaganda zikasimama zenyewe, na watoto wakizitazama kutoka chini waliapa kuna watu wawili wasio na vichwa wanaoishi kwa Michelle. Kisima cha Mwami ni bomba la jengo. Mzee akawa anakwenda dukani kununua maji kwenye dumu la plastiki na kulipandisha mwenyewe, ghorofa baada ya ghorofa, akipumzika kila kona.

Wiki ya kwanza Eustache alifurahi, tusimfiche. Aliposikia mlango wa ngazi ukijibamiza alinyoosha mgongo. Nyumbani alikuwa akisema "Yvette, lete maji," na maji hayaji. Kumbe ghorofa mbili chini kuna mtu anayeliheshimu neno lake mpaka linamvunja mgongo. Alichokuwa hajakitambua, au alikitambua na hakutaka kukitazama, ni kwamba katika mji huu wote alikuwa na raia mmoja tu, na raia huyo ndiye aliyemwua baba yake.

Ndipo Valerian alipopiga tena. "Wazee wanauliza siku ya kukaa kitini. Urbanus amesema kaburi liko wapi?"

Eustache akalifungua fundo la blanketi begani, akalifunga upya.

"Eustache?"

"Sikumuuliza."

"Muulize."

"Nilimfukuza kwanza."

Kule Buhirwa mtu alisikika akivuta pumzi. "Ulimfukuza *kabla* ya kumuuliza? Mtu pekee aliyebaki anayejua? Hawezi kukujibu tena, unajua hawezi! Mtoto wa ndugu yangu, wewe ni Mwami wa namna gani?"

"Wa keki," alisema Libérata kutoka jikoni. Simu ilikuwa kwenye spika.

Eustache alijaribu. Alimvizia mzee mlangoni pa jengo akamnong'oneza, "Papa, wapi? Sema tu wapi." Urbanus akavua kofia, akaweka kiganja mdomoni, akaingia kwenye ngazi. Alimtuma Libérata amuulize, lakini mke wa Mwami ni Mwami vilevile kwa mambo hayo. Akafikiria kuifuta hukumu, na hapo Valerian akapiga kelele mpaka spika ya simu ikakwaruza: neno la Mwami si shati la dukani, huvai ukarudisha. Mwami akifuta neno lake la kwanza hatakuwa na la pili.

Michelle alipanda kuwaona. Ni msichana wa adabu, hakuketi. Alimwambia Libérata kwamba baba yake ana moyo mgonjwa, daktari ameshaonya, na yeye amemsihi na kumlilia apande lifti, naye anasema tu Mwami amesema. "Mimi sijui mambo yenu ya kule," alisema Michelle. "Najua tu nikirudi kazini namkuta amekaa kwenye ngazi na dumu, midomo imebadilika rangi."

Michelle alipoondoka, Libérata hakumfokea mumewe. Angemfokea ingekuwa nafuu. Alikaa mbele yake, akavua viatu vya kazi, akasema polepole, "Papa Yvette, mimi nawaogesha wazee wa watu kila siku. Yule akifia kwenye ngazi, kaburi la baba yako litakuwa limekufa naye. Na wewe utakuwa umenyoosha mkono."

Eustache alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Alichukua gongo lake akatoka nje kwenye korido, akabonyeza kitufe cha lifti, akasubiri. Pembeni ya lifti kuna mlango wa chuma wenye picha ya mtu anayeshuka ngazi. Alikuwa amepita mbele yake kila siku bila kuuona. Akautazama. Njia ya Mwami ni ile anayopita Mwami. Na pale asipopita?

Lifti ilifika, ikafunguka, ikangoja, ikaondoka bila yeye.

Akarudi ndani mbio, akamkabidhi Yvette gongo. Mwami akitoka nje ya nchi yake huacha fimbo kwa mwanawe, na akiwa huko nje si Mwami wa mtu yeyote. "Shika," akamwambia. "Shika kwa mikono miwili. Nasafiri." Yvette akauliza anasafiri kwenda wapi na kandambili. Lakini alishika, tena kwa mikono miwili, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutii.

Eustache akafungua mlango wa chuma akaingia ughaibuni.

Kulikuwa na baridi na harufu ya rangi. Alishuka kumi, tisa, nane, kandambili zikimpiga visigino, akisikiliza. Alimkuta mzee kati ya ya nne na ya tatu, amekaa juu ya ngazi, dumu miguuni, kofia mkononi ingawa palikuwa na baridi, anavuta pumzi kwa shida. Alipomwona akaanza kuinuka.

"Usisimame, Papa," Eustache alisema, akaketi kando yake. "Hapa hakuna Mwami. Hapa ni nje ya nchi. Mimi nimefukuzwa kama wewe."

Urbanus alifikiri jambo hilo kwa muda mrefu, kwa makini, kama mwalimu anayesahihisha. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Nyuma ya zahanati," alisema. "Kuna mikalitusi mitatu. Ule wa katikati mimi niliupanda. Yuko chini yake, ameelekea kisima. Nilimchimbia mwenyewe alfajiri, wale wengine walitaka kumwacha kwenye nyasi. Nilimfunika na koti langu."

Eustache alilia. Alilia kwa sauti, na ngazi zile zinavyorudisha sauti, mtu mmoja juu huko alifungua mlango akaufunga upesi.

"Na ulinyoosha mkono," Eustache alisema baadaye.

"Nilinyoosha."

"Juu ya nini, Papa? Sababu gani?"

"Nilikuwa na woga. Wanne walishanyoosha, wakanitazama." Akaigeuza kofia mikononi. "Hukumu yako ni ya haki. Usinionee huruma."

Eustache hakujua kama anamwonea huruma au la. Alijua tu kwamba dumu lile lina lita ishirini na kwamba kuna ghorofa nyingi juu yao. Akalinyanyua, akaguna, akapanda nalo hadi ya nne, akasukuma mlango wa chuma kwa bega, akabonyeza kitufe cha lifti.

Urbanus alisimama kizingitini, mguu mmoja upande wa ngazi. "Mwami alisema nisipite njia yake."

"Mwami alisema hutapita njia yake *peke yako*."

"Hukusema peke yako."

"Nasema sasa. Neno langu halipunguzwi. Nani alisema haliongezwi?"

Mzee alilipima hilo nalo. Alikuwa mwalimu miaka mingi, alijua jibu la ujanja anapoliona, na alijua pia lini mwanafunzi apewe alama. Akaingia, akasimama uso ukutani kwa heshima. Mlango ukajifunga. Hapo ndipo ilipoanza desturi mpya ya Buhirwa, inayoendelea hadi leo: kila Papa Michelle anapotaka kwenda kufua, au dukani, au kanisani, humpigia Mwami simu, na Mwami huacha alichokuwa akifanya, huja kumpandisha na kumshusha, akinung'unika njia nzima.

Lakini siku ile ya kwanza lifti ilipanda polepole, mpaka mzee alipozungumza na ukuta.

"Na kinga yangu? Iliishia wapi?" Kinga ndiyo baiskeli, kwao.

Eustache akalikumbatia dumu. "Ilikuwa yako?"

"Yangu."

"Iliingia mtoni. Na mimi juu yake."

"Najua. Haikuwa na breki."

Eustache akatazama juu, akatazama pembe zote za lifti, kama kwamba maharusi wote na wafiwa wote aliowasimulia walikuwa wamejibana humo. "Hilo sijawahi kumwambia mtu," akasema chini chini.

"Nilikuwa na kinga mbili shuleni. Ya serikali na hiyo yangu mbovu. Ya serikali ilikuwa nzuri, mpya." Mzee bado alikuwa ameangalia ukuta. "Nilipoona umejificha nyuma ya darasa, nikatoka kama mtu anayekwenda kukojoa. Nikashika ile ya serikali. Halafu nikafikiri: kizuizi kiko chini ya mlima. Huyu ni mtoto. Wakimwambia simama, atasimama. Nikairudisha ndani, nikakuwekea ile mbovu."

Lifti ilifika ya tisa. Mlango ukafunguka, ukangoja, hakuna aliyetoka, ukajifunga tena, ikawapandisha hadi ya kumi na moja. Libérata alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake Yvette, bado ameshika gongo kwa mikono miwili.

"Weka chai," Eustache alimwambia mkewe, machozi yakimtiririka na dumu kifuani. "Ya maji haya haya."